Safari ya mashariki ya Australia kipindi cha vuli: anzia kusini, panda kaskazini

Wakuu, wengi wakipanga safari ya Australia wanaanza na tiketi, wanatafuta ndege gani bei poa inatua mji gani, alafu habari za hali ya hewa wanakuja kuziangalia siku tatu kabla ya kuondoka, na hapo ndo unakuta mtu yuko Cairns katikati ya Machi amefungiwa hotelini na mvua wakati huohuo Melbourne jua limetulia na watu wamelala kwenye nyasi. Upande wa mashariki wa ile nchi ni mrefu mno. Kutoka Hobart kule chini mpaka Cairns kule juu ni nyuzi 26 za latitudo, karibu kilomita 2,900 ukichora mstari ulionyooka, kwahiyo ukiuliza "mashariki ya Australia mwezi wa nne kukoje" hujauliza kitu bado, maana kuna sehemu watu wanavaa jaketi zito na kuna sehemu jasho linakutoka hata umekaa kivulini.

Ushauri wangu wote uko hapa: vuli (ya kwao, Machi mpaka Mei, kati ya joto na baridi, sio mvua zetu za vuli) anzia kusini, alafu panda kaskazini taratibu kadri wiki zinavyoenda. Usianze juu ukashuka. Mengine yote nitakayoandika ni kueleza kwanini iko hivyo na namna ya kuipanga.

Kwanini kusini kwanza

Vuli kule wanaihesabu kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Mei. Kuna mkanda wa mgandamizo mkubwa wa hewa unaopita maeneo yale, huo ndo unaoleta anga safi na siku tulivu. Majira ya joto, Desemba mpaka Februari, mkanda unakaa chini kabisa kusini mwa bara, na upepo wa upande wake wa juu unatoka mashariki, yaani unatoka baharini umebeba unyevu na unaupiga moja kwa moja kwenye pwani ya New South Wales na Queensland, ndo maana kule mvua inanyesha sana miezi hiyo. Vuli ikiingia mkanda unaanza kupanda kaskazini polepole. Unavyopanda, kaskazini inakauka kwasababu mvua za monsuni zinarudi zao kuelekea ikweta, na huku nyuma kusini mlango unafunguka, pepo za baridi kutoka bahari ya kusini zinaanza kuingia moja baada ya nyingine. Kwahiyo Machi utulivu uko kusini, Mei utulivu uko kaskazini, na wewe unachofanya ni kutembea nao.

Angalia namba utaelewa. Cairns mwezi Machi wastani wa mvua unazidi milimita 400, Aprili unashuka kama 200, Mei haifiki 100. Melbourne mchana wastani wa joto ni nyuzi 24 Machi, 20 Aprili, 17 Mei, na hiyo 17 ikija na upepo wa kusini-magharibi na manyunyu inauma kuliko namba inavyosema. Yaani anayeanza Cairns Machi na kumaliza Melbourne mwisho wa Mei amekutana na ubaya wa pande zote mbili, na anayefanya kinyume chake amekula uzuri wa pande zote mbili kwa nauli ileile.

Kama una mwezi mmoja, mimi ningeuweka kati ya wiki ya pili ya Aprili na wiki ya pili ya Mei. Kama likizo yako ni Machi tu na haihamishiki basi baki chini: Tasmania, Victoria, Canberra, na usilazimishe miamba ya matumbawe ya kaskazini mwaka huo. Kama ni Mei tu, Sydney siku chache alafu Queensland yote. Na kama una wiki mbili tu za Aprili usijaribu kuendesha pwani nzima, Melbourne mpaka Sydney kwa gari kupitia milimani alafu ndege mpaka Cairns mwishoni, inatosha kabisa.

Tasmania na Victoria

Tasmania wengi wanairuka kwasababu iko mbali na ni kisiwa, lakini Machi na mwanzo wa Aprili ndo wakati wake. Hobart mchana Machi ni kama nyuzi 20, na watu wanashangaa wakiambiwa ule mji unapata mvua kidogo, kati ya miji mikuu ya majimbo ni Adelaide tu ndo kavu kuishinda. Ila usichukue hali ya Hobart ukaipeleka magharibi ya kisiwa. Milima inazuia mawingu yanayoletwa na pepo za magharibi, kwahiyo Queenstown na Strahan wanalowa wakati Hobart kuna jua, saa chache tu kwa gari. Na hata Hobart kwenyewe, mlima wa kunanyi unaosimama juu ya mji una mita 1,271 na theluji inaweza kudondoka kule juu mwezi wowote. Panda umevaa kama unaenda nchi nyingine.

Kuna mti mmoja mdogo wa milimani Tasmania wanauita fagus, ni wa asili kabisa pale na unapukutisha majani wakati wa baridi, jambo ambalo miti ya asili ya Australia karibu yote haifanyi. Unageuka njano, machungwa mpaka mwekundu, na kilele chake ni karibu na tarehe 25 Aprili, Mount Field na Cradle Mountain. Ukiwa na bahati ya siku kavu hapo hutajuta nauli. Ukitaka kuvuka na gari, meli inaondokea Geelong, sio Melbourne tena, wamehama toka 2022, inaenda mpaka Devonport. Bahari ya pale katikati ina sifa ya kuchafuka, na kadri vuli inavyoenda inazidi, kwahiyo kama tumbo lako halipendi mawimbi panda ndege.

Melbourne wenyewe wenyeji wanasema utapata majira manne kwa siku moja na sio utani. Asubuhi upepo wa joto kutoka bara, saa nane mchana upepo unageuka kutoka kusini na joto linaporomoka nyuzi 10 ndani ya saa moja. Unachofanya ni kutoka na sweta mkononi kila siku hata kama anga ni bluu. Lakini usiogope mvua ya Melbourne, inanyesha mara nyingi ila kidogokidogo, kwa mwaka Sydney inapata karibu mara mbili yake, na hili watu hawaamini mpaka waone takwimu.

Great Ocean Road, zile kilomita 243 za kando ya bahari, nenda Machi au mapema Aprili kukiwa bado na joto. Usiende na kurudi siku moja, lala njiani, maana ukungu na mvua vinapita haraka na mtu aliyelala Port Campbell anaweza kuzipata zile nguzo za Twelve Apostles jioni na asubuhi, mara mbili, wakati aliyekuja na basi la siku moja ana dakika 40 tu na kama ni mawingu basi ndo imetoka hiyo. Kitu kingine cha Machi: msimu wa moto wa misitu Victoria unakuwa haujaisha. Siku zikitangazwa marufuku ya moto huruhusiwi kuwasha moto wa nje hata kuni za kuchoma nyama, na hifadhi zingine zinafungwa kabisa. Alafu Aprili wanachoma misitu wenyewe kwa mpango ili kupunguza kuni za majira yajayo, hapo Melbourne au Sydney inaweza kuamka na moshi, mwenye pumu asisahau dawa zake.

Njia ya milimani, majani

Kutoka Melbourne kwenda Sydney barabara kuu ya Hume ni kilomita kama 880 na unaweza kuimaliza siku moja, lakini vuli ukifanya hivyo umeruka sehemu tamu zaidi. Ingia Bright, mji mdogo kwenye bonde la mto Ovens, kama saa tatu na nusu hivi kutoka Melbourne. Walowezi walipanda miti ya Ulaya mji mzima, na kuanzia kati ya Aprili mpaka mwanzo wa Mei mitaa yote inakuwa rangi ya dhahabu. Rangi zinategemea hali ya hewa: mchana wenye jua na usiku wenye baridi kavu ndo vinapika rangi nzuri, upepo mkali au mvua kubwa inayadondosha majani yote usiku mmoja. Kwahiyo kama utabiri unaonesha upepo mkubwa unakuja Ijumaa, wahi Jumatano.

Canberra usiidharau. Mimi naona kwa vuli ndo mji bora wa mashariki yote, hewa kavu, anga safi, miti ya kila rangi kuzunguka ziwa. Machi mchana ni nyuzi 24 au 25, na ndo mwezi maputo makubwa ya hewa moto yanaruka alfajiri juu ya ziwa. Mei mchana bado unapendeza kama jua liko, ila usiku unashuka mpaka nyuzi 3 kwa wastani, na asubuhi zingine chini ya sifuri, kioo cha gari kimeganda. Tena Mei asubuhi ukungu unaziba uwanja wa ndege wa Canberra mara kwa mara, kwahiyo ndege ya saa moja asubuhi ya kuunganisha na ndege ya kimataifa Sydney usiikate kabisa, chukua basi, ni saa tatu na nusu tu.

Sydney na mvua yake

Hapa inabidi nikae kidogo maana ndo watu wanapokosea sana. Picha za Sydney zote ni jua, kwahiyo mtu anadhani vuli ni kavu. Sio. Machi ni kati ya miezi ya mvua nyingi pale, na mvua yake sio ya Melbourne, inashuka kwa nguvu na inaweza kukaa siku tatu nne. Kinachosababisha ni bahari. Mwezi Februari na Machi maji ya bahari yanakuwa yamefika kilele cha joto, nyuzi 23 hivi, na yanapoa taratibu sana, Mei bado yako kama 20. Sasa hewa baridi kutoka kusini ikipita juu angani wakati chini bahari bado ina joto, kinazaliwa kimbunga kidogo cha pwani, mgandamizo mdogo unaojikunja karibu na ufukwe, unakuja na upepo mkali, mawimbi makubwa na mvua ya kumwaga. Unaweza kujijenga ndani ya siku moja tu. Mwezi Aprili 2015 mmoja ulipiga bonde la Hunter na mji wa Dungog, nyumba zikabebwa na maji. Mei 2025 mvua kubwa ilipiga pwani ya kati kaskazini na mto Manning pale Taree ukavunja rekodi iliyokuwepo toka 1929. Kwahiyo mtu asikuambie Mei ni salama kila mahali, ile sehemu kati ya Newcastle na mpaka wa Queensland inabidi uiangalie kwa makini vuli nzima.

Hata hivyo usiifute Sydney. Wastani wa mchana ni karibu 25 Machi, 22 au 23 Aprili, 19 au 20 Mei, na siku za jua za Aprili pale ni kati ya siku nzuri kabisa unazoweza kupata duniani, bahari bado ya joto na msongamano wa ufukweni umeisha. Cha kufanya ni kuipa Sydney siku nyingi kidogo kuliko unavyodhani inahitaji, tano badala ya tatu, alafu usipangie siku kwa siku. Andika vitu vya jua upande mmoja na vitu vya mvua upande wa pili, asubuhi unaangalia anga unachagua. Siku ya jua ni kutembea kutoka Bondi mpaka Coogee, kilomita 6 za miamba, au feri ya Manly. Siku ya mvua ni Art Gallery of New South Wales, kuingia bure. Na mfumo huohuo unafanya kazi miji yote: Melbourne kuna makumbusho ya sanaa ya NGV bure, Canberra kuna makumbusho ya vita, bure pia, Brisbane kuna makumbusho ya sanaa ya GOMA bure. Nchi imekupa plani B ya bure kila mji, itumie.

Milima ya Blue Mountains iko kwenye mita kama 1,000 pale Katoomba, na mawingu ya pwani yakisukumwa na upepo wa mashariki yanakaa pale juu, unafika Echo Point unaona ukuta mweupe tu, zile nguzo tatu za mwamba za Three Sisters hazionekani. Kabla ya kupanda treni, safari ya mwendo wa saa mbili, angalia kamera za moja kwa moja au picha ya setilaiti. Upepo ukiwa wa magharibi, nenda siku hiyohiyo, kutakuwa kweupe mpaka mwisho wa macho ila baridi.

Baada ya mvua kubwa mamlaka za New South Wales wanashauri usiogelee fukwe za bahari kwa siku moja na ndani ya bandari siku tatu, maji ya mifereji na maji taka yanaingia. Na siku zote ogelea kati ya bendera nyekundu-njano, mkondo unaovuta kwenda ndani hauonekani kwa mgeni.

Queensland

Kutoka Sydney mpaka Brisbane ni kilomita kama 900 na kidogo, na hapo katikati ndo ile mito niliyosema. Ukiwa na gari ipe njia hiyo siku tatu au nne, lala Port Macquarie, Coffs Harbour, Byron Bay. Kama utabiri unasema kuna mgandamizo mdogo unajijenga, kuna njia ya pili ya juu inayopita Tamworth na Armidale, kavu zaidi, na Armidale nayo ina majani ya vuli yanayoifanya njia isiwe adhabu. Lismore sihitaji kusema sana, tarehe 28 Februari 2022 mto Wilsons ulifika mita 14.4 na sehemu kubwa ya mji ikazama, na watu bado wanajijenga, ukipita pale tumia hela yako kwao.

Brisbane na Gold Coast wakati wake mzuri ni mwisho wa Aprili mpaka Mei, mchana nyuzi 24 mpaka 26, unyevu umeondoka, usiku unalala bila feni. Machi ni hatari ya mvua za dhoruba, na mara chache sana kimbunga: Alfred alifika pale tarehe 8 Machi 2025 akiwa ameshapungua nguvu, mabasi, treni na feri za mji zilisimama na fukwe za Gold Coast zikapoteza mchanga wake. Usafiri wa umma wa Brisbane unalipa senti 50 tu kwa safari, kwahiyo hata siku ya manyunyu kupanda feri ya mtoni kwenda na kurudi ni burudani ya karibu bure.

Zaidi ya hapo juu, kutoka Brisbane mpaka Cairns ni kilomita 1,700 hivi. Msimu rasmi wa vimbunga ni 1 Novemba mpaka 30 Aprili, na Machi ni mwezi wa kuuheshimu: Larry alipiga Innisfail tarehe 20 Machi 2006, Debbie alipiga Airlie Beach tarehe 28 Machi 2017, hapo hapo watu wanapopandia boti za visiwa vya Whitsunday. Na barabara ya Bruce inakatwa na mafuriko hata bila kimbunga. Mji wa Tully una sanamu ya buti la mvua lenye urefu wa mita 7.9, ndo kiasi cha mvua waliyopata mwaka 1950, milimita 7,900. Sehemu yenye sanamu ya hivyo unaelewa wenyewe wameshakuonya. Kama umekwama Aprili na Cairns inalowa, shuka Townsville, mvua yake kwa mwaka ni karibu nusu ya Cairns, na kuna kisiwa cha Magnetic feri dakika 20 tu.

Sasa faida: ukifika Cairns kati ya Mei unakuta mvua zimekatika lakini ardhi bado imeshiba. Maporomoko yamejaa, Barron pale Kuranda bado inanguruma, Wallaman yenye mita 268 inadondoka kwa mkupuo mmoja, na msitu wa Daintree umekolea kijani. Ukichelewa mpaka Septemba unakuta kamba nyembamba za maji. Hii ndo zawadi ya vuli ambayo vipeperushi havisemi.

Lakini kuna jambo la upepo. Kuanzia Aprili pepo za kusini-mashariki zinasimama, ndugu wa kusi tunayoijua sisi, na zinaweza kuvuma siku nyingi mfululizo, jua linawaka ila bahari imechafuka. Boti za kwenda kwenye matumbawe zinaenda tu, abiria ndo wanaumwa. Kwahiyo usinunue siku ya boti miezi miwili kabla ukaipigilia msumari. Kaa Cairns au Port Douglas siku nne tano, angalia utabiri wa bahari, upepo ukishuka chini ya noti 15 (kipimo cha kasi ya upepo) ndo unaenda. Wenye bajeti ya siku moja tu ya matumbawe wawe makini zaidi hapa, ni siku ya gharama kubwa.

Konyeza wa baharini (jellyfish) wenye sumu kali nao wapo. Kaskazini mwa Queensland msimu wao ni karibu Novemba mpaka Mei, kwahiyo ukifika Mei bado hujatoka kabisa. Boti zinatoa nguo ya kufunika mwili mzima, ivae, na fukweni ogelea ndani ya wavu tu. Mito na midomo ya mito usiingie mwaka mzima, kuna mamba wa maji chumvi, na bango likisema mamba ni mamba.

Kalenda na saa

Tarehe zinazobana ni Pasaka, likizo ya shule ya karibu wiki mbili inayokaa kuizunguka au jirani yake, na Anzac, siku ya kukumbuka wanajeshi wao, tarehe 25 Aprili. Pasaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, 2027 ni tarehe 28 Machi. Hapo vyumba vya pwani na Bright vinajaa na bei zinapaa, kwahiyo buku mapema sana au ukae mjini Canberra au Melbourne siku hizo. Siku ya Anzac maduka mengi yanafungwa, sehemu zingine mpaka saa saba mchana na zingine siku nzima, lakini amka uende ile ibada ya alfajiri, kila mji unayo, vaa joto.

Saa zinabadilika Jumapili ya kwanza ya Aprili, majimbo ya kusini yanarudisha saa nyuma kwa saa moja, Queensland haina mambo hayo. Kabla ya hapo Sydney iko mbele ya Brisbane kwa saa moja, na watu wa kulala Tweed Heads (New South Wales) alafu kupanda ndege Coolangatta (Queensland), ng'ambo ya barabara tu, wanachanganyikiwa. Na kitu ambacho sisi wa karibu na ikweta hatukizoei: giza linawahi. Mwisho wa Mei Sydney jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, Hobart kabla ya hapo. Kangaruu wanatoka barabarani jioni na alfajiri, kwahiyo ratiba ya gari iishe saa kumi. Upange kuanza saa moja asubuhi na usizidishe kilomita 350 kwa siku ya Mei.

Kusoma utabiri

Chanzo ni Bureau of Meteorology, watu wanaita BOM, wana tovuti na apu ya bure. Usiangalie kile kipicha cha wingu peke yake, angalia asilimia na milimita kwa pamoja, maana asilimia 70 ya milimita 1 ni siku nzuri tu, na asilimia 40 ya milimita 40 ni siku ya kubadili njia. Utabiri wa siku saba nauamini kwa siku tatu au nne za mwanzo, zilizobaki nachukulia kama mwelekeo. Rada ni ya saa mbili zijazo. Mambo ya El Niño na La Niña yanakupa picha ya jumla tu, na vuli ndo kipindi wataalamu wenyewe wanakiri miundo yao inabashiri vibaya zaidi, kwahiyo Januari usifute safari kwa sababu ya hilo.

Barabara angalia QLDTraffic ukiwa Queensland na Live Traffic ukiwa New South Wales, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Maji yakiwa juu ya barabara usivuke, hata kama gari la mbele limevuka, hata kama ni kina cha goti, geuza. Kuokolewa mafurikoni piga SES, kikosi cha dharura cha jimbo, 132 500, hatari ya maisha ni 000.

Begi, gari na bima

Nguo vaa tabaka tabaka: fulana, sweta, jaketi la mvua la kuzuia upepo. Mwavuli peke yake upepo wa Melbourne unaugeuza. Nguo nzito usibebe kutoka nyumbani, maduka ya mitumba ya hisani kama Vinnies na Salvos yapo kila mji, unanunua koti kwa bei ndogo na ukifika Queensland unalirudisha kama msaada. Jua la Queensland mwezi wa tano bado linaunguza, mafuta ya jua na kofia muhimu hata kwa ngozi nyeusi. Na ukibuku chumba kusini kwa Mei uliza kama kuna hita, nyumba nyingi za kule hazishiki joto, ndani kunaweza kuwa na baridi kuliko nje.

Gari la kukodi chukua kusini liache Sydney au Brisbane, soma kwenye mkataba sehemu ya maji, mingi haifidii gari lililoingia mafurikoni wala kuendesha njia za vumbi. Tiketi za ndani nunua zinazobadilishika tarehe. Bima ya safari nunua siku ileile unayolipia tiketi, kwasababu kimbunga kikishapewa jina bima ya kuanzia hapo haikulipi kwa kimbunga hicho. Viza ya utalii namba 600 omba miezi kadhaa kabla, na hela isiyorudi usiitoe mpaka itoke.

Mwisho wa ratiba, kati ya Cairns na ndege yako ya kimataifa acha siku mbili nzima tupu. Kama hakuna kilichochelewa, zipeleke Atherton Tablelands, saa moja na nusu juu ya Cairns, kuna maziwa ya volkano ya Eacham na Barrine, hewa ya baridi kidogo, na hakuna konyeza, watu wanaogelea.